Shujaa Akirudi Nyumbani

Safari ya shujaa ni muundo wa masimulizi ambamo mtu huondoka kwao, hukutana na makubwa ugenini, kisha hurudi akiwa amebadilika na akiwa na kitu cha kuwafaa wale aliowaacha. Ni muundo wa kale sana. Umo katika hadithi ya Gilgamesh, mfalme wa Uruk, iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Mesopotamia. Umo katika tenzi za Homer wa Ugiriki, katika ngano za Warusi, katika simulizi ya Sundiata, mwasisi wa dola ya Mali, na katika simulizi za Wanyanga wa mashariki ya Kongo. Siku hizi ndio unaoendesha filamu nyingi zinazojaza kumbi za sinema duniani, riwaya za vijana na michezo ya kompyuta. Lakini katika kuhama kwake kutoka kinywani mwa msimulizi hadi kwenye meza ya mwandishi wa filamu, sehemu moja ya muundo huo imesinyaa, nayo ni kurudi.

Aliyezieleza kwa utaratibu hatua tatu za safari ya namna hii alikuwa akichunguza mila, wala hakuwa na habari na sinema. Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtaalamu wa mila aliyeandika kwa Kifaransa, alichapisha kitabu kuhusu taratibu zinazomvusha mtu kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine: kuzaliwa, kubalehe, kuoa, kufa. Aliona kwamba katika taratibu hizo mhusika kwanza hutengwa na watu wake, kisha hukaa kwa muda katika hali ya katikati, ambapo si wa alikotoka wala wa anakokwenda, na mwisho hupokewa tena akiwa na hadhi mpya.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayejua jando na unyago haoni geni hapa. Wavulana huondolewa majumbani, hukaa kumbini chini ya uangalizi wa watu wazima, hupewa mafunzo na siri wasizoruhusiwa kuzitoa, na siku ya kutoka hupokelewa kwa ngoma, nguo mpya, na mahali pengine hata jina jipya. Mwali naye hufundwa ndani na kungwi wake, kisha hutolewa nje mbele ya ndugu na majirani. Shangwe kubwa hungojea siku ya kutoka, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo jamaa wote wanakiri kwamba huyu si mtoto tena. Mateso ya kumbini yasingekuwa na maana kama pasingekuwa na watu wanaosubiri nje.

Ngano nazo zinasema hivyo. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alitoa uchambuzi wa ngano mia moja kutoka katika mkusanyo mashuhuri wa Alexander Afanasyev. Aligundua kwamba wahusika hubadilika lakini matendo yao hufuatana kwa mpangilio uleule, na akayahesabu matendo hayo kuwa 31. Kurudi kwa shujaa ni tendo la 20 katika orodha yake. Yote yanayofuata ni ya baada ya kugeuza uso kuelekea nyumbani: shujaa anafukuzwa, anaokolewa, anafika bila kutambuliwa, mwongo anajitokeza na kudai kwamba yeye ndiye aliyefanya makubwa yale, shujaa anapewa kazi ngumu ili ajithibitishe, anatambuliwa, mwongo anaumbuliwa na kuadhibiwa, na mwisho kuna ndoa na ufalme. Matendo 12 kati ya 31 ni ya kurudi. Bibi wa kijiji cha Kirusi aliyekuwa akisimulia ngano hizo kando ya moto alijua kwamba kumuua joka ni kazi moja, na kuwaaminisha watu kwamba ni wewe uliyemuua ni kazi nyingine.

Jina linalotajwa zaidi katika mada hii ni la Joseph Campbell, aliyezaliwa katika jimbo la New York mwaka 1904 na kufundisha katika Chuo cha Sarah Lawrence kuanzia mwaka 1934 hadi 1972. Kitabu chake The Hero with a Thousand Faces kilitoka mwaka 1949. Humo alidai kwamba visa vya mashujaa wa dunia nzima kimsingi ni kisa kimoja kinachojirudia kwa sura nyingi. Zile hatua tatu alizichukua kwa Van Gennep. Kwa Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alichukua wazo kwamba picha za visasili huchipuka katika kina cha nafsi ambacho binadamu wote wanacho. Ndiyo maana kwake joka, pango na maji ya giza ni mambo ya ndani ya mtu kabla ya kuwa mambo ya nje.

Campbell aliigawa safari katika hatua 17. Tano ni za kuondoka: mtu anaitwa, anakataa wito, anapata msaada usio wa kawaida, anavuka kizingiti cha kwanza, na anamezwa na giza kama Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Sita ni za majaribu, kuanzia mlolongo wa mitihani, kupitia kishawishi na kupatana na baba, hadi kuipata tunu aliyoifuata. Sita za mwisho zote ni za kurudi, na hapo Campbell alikuwa makini kuliko wengi waliomfuata. Alieleza kwamba shujaa anaweza kukataa kurudi, maana huko aliko kuna raha. Anaweza kulazimika kukimbia na tunu yake huku nyuma anafukuzwa. Anaweza kukwama hadi watu wa nyumbani wamfuate na kumtoa. Na akifika kwenye kizingiti cha kurejea, anakabiliwa na mtihani mgumu pengine kuliko wa joka: kuwaeleza watu walioshikwa na shughuli za kila siku jambo ambalo hawakuliona, katika lugha wanayoielewa, bila wao kumwona mwendawazimu na bila yeye kuwadharau.

Wataalamu wa ngano hawakumpokea Campbell kwa mikono miwili. Alan Dundes, aliyefundisha taaluma ya ngano katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimlaumu kwa kudai kwamba kisa fulani ni cha dunia nzima bila kuonyesha kwamba kweli kinapatikana dunia nzima. Lawama hiyo ni ya haki. Ni vigumu kupata hadithi moja yenye hatua zote 17; Campbell alidokoa hatua moja Ugiriki, nyingine India, nyingine kwa Wamarekani asilia, akazishona pamoja. Safari aliyoichora pia ni ya mwanamume, na wanawake humo huwa ni mungu, kishawishi au zawadi. Maureen Murdock, mtaalamu wa saikolojia aliyemfahamu Campbell na kuzungumza naye juu ya suala hilo, alichapisha mwaka 1990 kitabu kuhusu safari ya shujaa wa kike, ambamo mwanamke anayefanikiwa kwa vipimo vya wanaume bado ana safari ya pili ya kurudi kwenye alivyovikataa ili aondoke. Hapo pia uzito uko katika kurudi.

Kwa kasoro hizo, kitabu cha Campbell kingeweza kubaki katika maktaba za vyuo kama si George Lucas. Katikati ya miaka ya 1970 Lucas alikuwa akihangaika na rasimu za hadithi ya anga za mbali. Alichota katika filamu za Akira Kurosawa wa Japani na katika vibonzo vya utotoni mwake, na kitabu cha Campbell kikamsaidia kuona umbo la kile alichokuwa akikitafuta. Star Wars ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977.

Luke Skywalker ni kijana anayelelewa shambani na baba yake mdogo katika sayari kame. Ujumbe uliofichwa ndani ya roboti unamwita. Anasita kwa sababu ya kazi za shamba. Mzee Obi-Wan Kenobi anampa upanga wa mwanga uliokuwa wa baba yake. Askari wa dola wanawaua walezi wake na kuichoma nyumba, basi hakuna tena cha kumzuia. Anavuka kizingiti, anaingia katika ngome ya adui, anamtoa binti mfalme, na mwisho anailipua ngome hiyo. Filamu inakwisha Luke akivishwa nishani mbele ya gwaride. Kuondoka kumo kikamilifu, na majaribu yamo kikamilifu. Kurudi hakumo. Nyumba ya Luke imeteketea, na sayarini kwake hakuna aliyekuwa akisubiri chochote kutoka kwake. Katika filamu ya mwaka 1983 anatua tena kwenye sayari hiyo, lakini kwa ajili ya kumwokoa rafiki yake tu, kisha anaondoka zake.

Lucas aliendelea kumheshimu Campbell hadharani. Sehemu kubwa ya mahojiano marefu kati ya mzee huyo na mwanahabari Bill Moyers ilirekodiwa Skywalker Ranch, mahali pa kazi pa Lucas huko California. Televisheni ya PBS iliyarusha mwaka 1988 katika sehemu sita, Campbell akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Kuanzia hapo jina lake likawa la watu wote.

Aliyeugeuza muundo huo kuwa kanuni ya kazi ni Christopher Vogler. Mwaka 1985, akiwa msomaji wa miswada katika kampuni ya Disney, aliandika waraka wa kurasa 7 uliofupisha mawazo ya Campbell kwa ajili ya watengeneza filamu. Waraka ukapigwa nakala na kupita mkono kwa mkono katika ofisi za Hollywood. Mwaka 1992 aliutanua kuwa kitabu, The Writer's Journey, ambacho hadi leo kinasomwa na wanafunzi wa uandishi wa filamu katika nchi nyingi. Vogler alizipunguza hatua 17 hadi 12: dunia ya kawaida, wito, kukataa wito, kukutana na mshauri, kuvuka kizingiti, marafiki na maadui, kulikaribia pango la ndani, mtihani mkuu, zawadi, njia ya kurudi, ufufuo, na kurudi na dawa.

Hesabu ya hatua hizo inaeleza mengi. Za kurudi, zilizokuwa sita, sasa ni tatu. Ile inayoitwa njia ya kurudi katika filamu nyingi imekuwa mbio za magari au za vyombo vya angani. Ufufuo umekuwa pambano la mwisho. Inabaki hatua moja tu ya shujaa kusimama mbele ya watu wake, na hiyo hupewa dakika chache kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupanda kwenye skrini. Vogler mwenyewe anasisitiza katika kitabu chake kwamba hatua hizo si sheria. Wengi waliomsoma wamezichukua kama sheria.

Miongoni mwa filamu alizoshiriki kutoa ushauri wa hadithi ni The Lion King ya mwaka 1994, filamu yenye nafasi ya pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa yametoka katika lugha yao, wimbo wake mashuhuri umejengwa juu ya maneno hakuna matata, na wasanii wake walitembelea Kenya kuitazama ardhi waliyokusudia kuichora. Hadithi yenyewe ina deni kwa Hamlet ya Shakespeare: mfalme anauawa na ndugu yake, na mtoto wa marehemu anabaki na mzigo. Simba anakimbia akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake, anakulia mbali pamoja na Timon na Pumbaa, anaonyeshwa na Rafiki sura ya baba yake majini, anarudi, anapigana na Scar, yule ndugu aliyemuua mfalme, na kushinda. Mvua inanyesha juu ya nchi iliyokauka, naye anapanda jabali.

Ni filamu iliyosukwa kwa ustadi mkubwa, na walioitazama utotoni hawaisahau. Tofauti na Star Wars, humu shujaa anarudi kweli. Lakini hadithi haimwulizi amerudi na nini. Katika miaka ya ugenini alijifunza kula wadudu na kuishi kwa amani na wanyama ambao simba wengine huwawinda, na hayo hayaingii katika utawala wake. Simba jike waliobaki na njaa chini ya dhalimu hawapewi nafasi ya kupima kama aliyekimbia anafaa kutawala. Damu yake inatosha, na mbingu inathibitisha kwa mvua. Msimulizi wa zamani asingeliachia jambo hilo lipite kirahisi namna hiyo.

Homer hakuliachia. Odyssey ina vitabu 24, na Odysseus anatua kisiwani kwake, Ithaca, katika kitabu cha 13. Yale majitu yenye jicho moja, wachawi na nguva waimbao ambao kila mtu anawakumbuka wanakwisha kabla ya hapo. Karibu nusu nzima ya utenzi ni ya mtu aliyefika nyumbani akiwa amevaa matambara ya ombaomba na hawezi kujitambulisha. Mbwa wake mzee anamtambua na kufa papo hapo. Yaya anamjua kwa kovu la mguuni. Mkewe Penelope, baada ya miaka 20 ya kungoja, hamkubali kwa upesi. Anamtega kwa siri ya kitanda chao ambayo watu wa nje hawaijui. Hata kisasi cha Odysseus dhidi ya wachumba waliotaka kumwoa Penelope kinazaa uhasama mpya na jamaa za waliouawa, na inabidi usuluhishwe.

J. R. R. Tolkien, ambaye riwaya yake The Lord of the Rings ilichapishwa mwaka 1954 na 1955, alikuwa msomi wa fasihi za kale na alilijua hilo. Baada ya pete ya uovu waliyoisafiria kuteketea, wahusika wanne wenye kimo kidogo wanarudi kwao Shire na kuikuta imetwaliwa na wahuni, miti imekatwa, watu wametishwa. Wanalazimika kuikomboa wenyewe, bila mchawi wala mfalme wa kuwasaidia, kwa kutumia ujasiri waliouchuma ugenini. Tolkien alieleza katika dibaji ya toleo la pili kwamba sura hiyo ni sehemu ya lazima ya kisa, na kwamba aliiona tangu mwanzo. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2003, iliyopata tuzo 11 za Oscar, iliiondoa. Katika filamu Shire iko vilevile walivyoiacha, wazee wanaendelea na bia yao, na wanne hao wanakaa kimya katikati ya watu wasiojua lolote. Tukio hilo fupi lina huzuni ya kweli ndani yake, lakini deni la shujaa kwa kijiji chake limefutwa.

Ukanda wa Maziwa Makuu una simulizi inayolichimba suala hili kwa kina kuliko zote zilizotajwa. Ni simulizi ya Mwindo wa Wanyanga, watu wa misitu ya Kivu huko Kongo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliitamba kwa siku 12, kwa maneno, nyimbo, ngoma na maigizo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walioinukuu waliichapisha mwaka 1969, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Chifu Shemwindo wa Tubondo ametangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamrushia mkuki, anamzika hai, mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka na kumwendea shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kumfuata baba yake. Baba anakimbilia ardhini, kwenye ulimwengu wa Muisa. Mwindo anashuka huko, anatahiniwa kwa kazi zisizowezekana, anacheza kamari na mungu Sheburungu na kumshinda, na anampata baba yake. Mpaka hapa mwandishi yeyote wa Hollywood angejihisi yuko nyumbani, na angetarajia kisasi.

Simulizi haiendi huko. Mwindo anampandisha baba yake hadi kijijini na kuwafufua waliokufa. Baraza linaitishwa. Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu wote, shangazi anasema yake, na uamuzi unafikiwa kwamba baba na mwana watawale kila mmoja sehemu yake. Kurudi kwa shujaa kunapitia kikao, na kikao kina nguvu kuliko fimbo yake ya kimiujiza.

Kisha linakuja jambo ambalo mpango wa Vogler hauna mahali pa kuliweka. Mwindo anamuua Kirimu, joka lililowameza wawindaji wake. Katika filamu hicho kingekuwa kilele na mwisho. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, Radi, na Nkuba anamchukua Mwindo hadi angani ili aadhibiwe. Anakaa huko mwaka mzima akiteswa na baridi, jua na mvua, akifundishwa kwamba nguvu zake zina mpaka na kwamba hana ruhusa ya kuua atakavyo. Anaporudi safari hii ya pili analeta sheria: watu walime vyakula vingi, wasigombane, wasimcheke mgonjwa apitaye kijijini. Wanyanga walimtazama shujaa mwenye majigambo na mabavu wakaona kwamba kushinda hakumfanyi mtu afae kuongoza. Anahitaji kunyenyekezwa kwanza.

Pwani ya Waswahili ina Fumo Liyongo. Kisa chake kimesimuliwa kwa karne nyingi kuanzia Lamu na Pate hadi mdomo wa mto Tana, ambako huko Kipini watu huonyesha panaposemwa kuwa ni kaburi lake. Utendi ulio maarufu zaidi juu yake uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Liyongo ni mtu wa miraba minne na mshairi wa hali ya juu. Sultani wa Pate anamwogopa kwa sababu watu wanampenda. Anatiwa gerezani. Mama yake anapika mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, akijua kwamba walinzi watakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa mkate duni. Kijakazi Saada anaupeleka. Liyongo anatunga nyimbo na kuomba pachezwe gungu, na katika kishindo cha ngoma na makofi anazikata pingu zake na kutoka.

Kama kisa kingeishia hapo kingetosha kwa filamu ya saa mbili. Lakini utendi unakwenda mbele hadi mahali panapouma. Sultani anamrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe, akimwahidi cheo na binti yake. Kijana anamwendea baba, anamdodosa siri, na anajua kwamba silaha pekee inayoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni. Anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta uta, na anafia katika hali hiyo. Kwa siku kadhaa mji hauna maji kwa kuwa hakuna anayethubutu kumsogelea mtu anayeonekana yuko tayari kufyatua mshale. Mwana naye hapati binti wala cheo. Tunu ya Liyongo ilikuwa yeye mwenyewe, kinga ya watu wake, na walioipoteza ni wao walioshindwa kuilinda. Utendi unaweka hukumu juu ya wenyeji, na kwa hilo unastahili kusimama pamoja na kazi kubwa kabisa za dunia za aina yake.

Katika fasihi andishi ya karne ya 20, Shaaban Robert alilichukua suala hilohilo na kulifanya mhimili wa kitabu kizima. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kisa cha nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu, akajifunza mema ya alikokwenda, akarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi yake. Kila mmoja alitiwa gerezani. Mwandishi anapita upesi kwenye hatari za njiani na kukaa kwa muda mrefu barazani, ambako aliyerudi anasema na wakubwa hawataki kusikia. Ni riwaya ya kurudi mara sita, na mashujaa wake wanashindwa kwa sababu nchi haina sikio, ingawa wao wenyewe ushujaa wanao. Karama anaposhinda kesi yake, kinachofunguka ni sikio hilo.

Sababu za kurudi kusinyaa katika hadithi za umma za leo ni za kibiashara kwa sehemu kubwa. Shujaa aliyetulia nyumbani hauzi tiketi ya filamu inayofuata. Marvel ilitoa filamu 22 kuanzia Iron Man ya mwaka 2008 hadi Avengers: Endgame ya mwaka 2019, na mfululizo kama huo unahitaji wahusika ambao kila mara wako karibu kuondoka tena. Sababu ya pili ni kwamba kurudi hakuonekani kwa urahisi kwenye skrini. Ni mazungumzo, vikao, aibu, kusameheana na kufundishana, mambo yanayodai waigizaji wazuri na subira ya mtazamaji. Sababu ya tatu ni fikra yenyewe inayomweka mtu mmoja katikati ya kila kitu. Hadithi ikiwa ni ya mtu kujipata, basi akishajipata imekwisha, na wale wa nyumbani wanageuka kuwa mandhari.

Si filamu zote za Marekani zimeanguka hapo. Katika Moana ya mwaka 2016 msichana anaurudisha moyo wa mungu Te Fiti na kuwarejeshea watu wake ujuzi wa ubaharia walioacha, na filamu inakwisha kisiwa kizima kikitweka matanga. Kilichobadilika ni maisha ya watu wote. Black Panther ya mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi. T'Challa, mfalme wa Wakanda, anapambana na Killmonger, binamu yake aliyeachwa Marekani akiwa mtoto, na baada ya kumshinda anakubali kwamba adui huyo alikuwa na hoja: Wakanda ilijificha na utajiri wake huku watu weusi wengine wakiteseka. Anafungua milango ya nchi na kuanzisha kituo cha kusaidia jamii huko Oakland, alikokulia Killmonger. Mfalme amerudi na jambo alilofundishwa na aliyetaka kumuua, na jambo hilo limekuwa sera ya nchi.

Miongozo ya hatua 12 sasa inafundishwa katika warsha za uandishi wa filamu Nairobi na Dar es Salaam kama inavyofundishwa Los Angeles, na hakuna ubaya kuijua. Lakini mwandishi wa Kiswahili anayeandaa mswada wa filamu au tamthilia ya televisheni ana rafu nyingine ya kuchota. Utendi wa Liyongo umechapishwa, Kusadikika inapatikana madukani, na simulizi ya Mwindo iko katika maktaba za vyuo vikuu. Azisome, na azisome hadi kurasa za mwisho, kisha ampe shujaa wake angalau theluthi ya hadithi baada ya kufika nyumbani.